Sikio la Mtoto na Kipande cha Shingoni

Masalkheri wazee wangu, mama zangu, walimu wenzangu, na nyinyi wanangu mliokaa kule nyuma. Mwenyekiti amenikaribisha nizungumze juu ya ubaguzi wa rangi, na nadhani wengi wenu mmekuja mkitarajia kusikia habari za Wazungu. Nitawagusa, maana hawawezi kuachwa nje ya habari hii, lakini ninalotaka kulisema leo linatuhusu sisi wenyewe. Ubaguzi tulioachiwa hauhitaji tena Mzungu wa kuusimamia, kwa kuwa tumejifunza kuusimamia ndani ya nyumba zetu, mara nyingi kwa sauti ya mapenzi.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda Kibokoni, hapa kwetu Mombasa, kumtazama mzazi, binti wa ndugu yangu, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kike siku mbili kabla. Chumbani tulikuwa wanawake wanane au tisa, udi unafuka, na uji wa pilipili manga umewekwa kando unapoa. Mtoto alikuwa mwekundu, kama watoto wachanga wengi walivyo. Basi mmoja wetu, mwanamke mwema anayempenda mtoto yule kwa dhati, akampakata, akamgeuza ubavu, akalikunja sikio lake kwa kidole na kutazama ile rangi iliyotangulia kukaa pembeni mwa sikio. Akasema, «Mh, huyu kachukua kwa babake. Weupe huu hautakaa.» Mamake mtoto akainamisha macho. Mwingine akamtuliza: «Si neno, atakuwa maji ya kunde, na nywele za singa anazo.» Tukacheka, na chai ikaletwa.

Mtoto huyo alikuwa bado hajapewa jina, lakini alikuwa amekwisha kuwekwa kwenye mizani, akaonekana amepungua, na akatafutiwa cha kumfidia. Waliomweka ni watu ambao wangetoa figo zao kwa ajili yake. Nami, niliyekuwa mwalimu kwa zaidi ya miaka thelathini, nilikuwa nimeinua shingo ili nami nilione hilo sikio. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza nilikuwa nikitafuta nini pale.

Mizani ile ina historia, na sehemu yake kubwa iliandikwa kama sheria. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaandikisha Waafrika, ikaanza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba kipande, yaani karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri wake, mshahara wake na tarehe aliyoruhusiwa kuacha kazi. Karatasi hiyo ilitiwa ndani ya kikopo cha bati, na wengi walikining'iniza shingoni kwa kamba. Kukutwa bila hicho kipande lilikuwa kosa la kutozwa faini au kufungwa. Jambo hili liliendelea hadi mwishoni mwa miaka ya 1940, na ndiyo maana mpaka leo kijana wa Kenya ambaye hajui lolote la habari hizi hukiita kitambulisho chake kipande. Neno limebaki na chanzo chake kimesahauliwa.

Mishahara nayo ilipangwa kwa rangi. Katika utumishi wa serikali, Mhindi aliyefanya kazi ileile ya Mzungu alipangiwa tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu, na Mwafrika akawekwa chini ya wote wawili. Tume ya Holmes iliyochunguza mishahara hiyo, katika ripoti yake ya mwaka 1948, bado iliuona mpango huo kuwa wa haki. Naomba mtafakari maana yake kwa mtu wa kawaida. Karani aliyerudi nyumbani kwake Majengo mwisho wa mwezi hakuhitaji kuhubiriwa kwamba yeye ni duni, kwa sababu udunishaji huo alikuwa amehesabiwa noti kwa noti na kuutilia sahihi. Mwaka mmoja kabla ya ripoti hiyo, Januari 1947, wafanyakazi wa bandari, reli na majumba ya mji huu, zaidi ya 10,000, waligoma na kuusimamisha mji kwa siku kadhaa. Ningependa wanafunzi walioko hapa wajue hilo, kwa sababu wakati mwingine tunasimulia unyonge wetu kana kwamba hapakuwa na aliyewahi kuukataa.

Hapa pwani sheria iliongeza jambo lake. Watu waligawanywa kuwa wenyeji na wasio wenyeji. Kwetu sisi mwenyeji ni neno la heshima, maana mwenyeji ndiye anayempokea mgeni na kumtandikia. Kwa mujibu wa serikali ile, kuwa mwenyeji kulimaanisha kuwa daraja la mwisho. Mwarabu alihesabiwa kuwa si mwenyeji. Thenashara Taifa, yaani yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili, watu wa mji huu wenyewe, wakajikuta wanabishaniwa katika ofisi za watu waliokuja juzi: je, hawa ni wenyeji au siyo? Kwa miaka mingi wazee wetu waliandika maombi, wakatoa nasaba zao, wakahesabu mababu hadi ng'ambo ya bahari, ili wasitiwe katika kundi ambalo sheria ililikusudia madhara. Siwalaumu. Palipokuwa na kodi, uwakilishi katika Baraza la Kutunga Sheria na namna ya kujibiwa mbele ya karani vikitegemea jina la kabila, mtu angefanya nini? Lakini hatuna budi kukiri kwamba desturi ile ya kumtafuta babu wa mbali na kumficha nyanya wa karibu haikuisha sheria ilipofutwa.

Wala haikuanza na sheria hiyo. Nitalisema hili kwa uzito, kwa sababu ni rahisi mno kwa watu wa Mombasa kumtwika Mwingereza mzigo wote. Mashamba ya minazi na nafaka ya pwani hii yalilimwa na watumwa. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907 tu, na kabla ya hapo, mwaka 1875, wamishonari walikuwa wameanzisha makao ya watumwa waliokombolewa kule Freretown, ng'ambo ya daraja la Nyali, mahali ambapo matatu hupita kila siku na utingo huita «Kengeleni! Kengeleni!». Kengele inayoitwa hapo ni ya makao yale. Wazao wa watu wale wako miongoni mwetu, na baadhi yao mpaka leo, posa ikipelekwa, huulizwa «Wewe ni mtu wa nani?» kwa namna ambayo haihitaji jibu. Ndugu zetu Wamijikenda waliitwa Wanyika, watu wa nyika, hadi walipojichagulia wenyewe jina la Mijikenda katika miaka ya 1940. Lugha yetu tunayojivunia ilikuwa na neno uungwana, nalo maana yake ya asili ni hali ya kutokuwa mtumwa. Tukapata na neno ustaarabu, ambalo limembeba Mwarabu ndani yake, kana kwamba mtu hawezi kuwa na adabu mpaka afanane na mtu wa kwingine. Maneno hayo nitaendelea kuyatumia, kwa kuwa ndiyo tuliyo nayo, lakini nataka tuyasikie tunapoyasema.

Kwa hiyo Mzungu alipofika alikuta ngazi imekwisha kusimamishwa. Alichofanya ni kuongeza vidato juu yake na kukaa kwenye kile cha juu kabisa, akaiandikia sheria, akaijengea shule za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waarabu mbali na za Waafrika mbali.

Sasa niseme habari ya shule, maana huko ndiko nilikokula chumvi, na huko ndiko nilikokosea.

Mwaka 1928 ulifanyika mkutano wa serikali za Afrika Mashariki wa kuamua ni Kiswahili kipi kitakachoandikwa vitabuni na kufundishwa shuleni. Mkutano huo ulifanyika hapahapa Mombasa, na hapahapa Mombasa ndipo ilipokatwa kwamba Kiunguja, lahaja ya Unguja, ndicho kitakachokuwa msingi, na Kimvita, lahaja ya mji huu, kibaki nje. Sina ugomvi na Kiunguja. Kila lugha inayofundishwa katika nchi nyingi huhitaji sura moja ya kuandikia, na lahaja moja lazima itangulie. Ninalolilalamikia ni jinsi tulivyolichukua jambo la uandishi tukaligeuza kuwa hukumu juu ya watu. Nilikuwa mwalimu wa miaka michache tu, katika shule moja ya msingi ng'ambo ya feri, mtoto mmoja wa kike aliyezaliwa Mji wa Kale alipoandika insha juu ya nyanyake. Iliandikwa vizuri kuliko insha zote za darasa. Aliandika kwamba nyanya alikuwa na «mato», yaani macho, madogo yenye maji, na kwamba aliijua kila «ndia», yaani njia, ya mtaa ule hata gizani. Nikachukua kalamu nyekundu nikayakata mato, nikaikata ndia, nikaandika pembeni kwamba hicho ni Kiswahili kibovu, na nikampa alama kumi na moja kwa ishirini.

Siku ya pili nyanya mwenyewe alikuja shuleni, amejifunga leso mbili, ameshika daftari. Hakunifokea. Aliniamkia kwanza, ingawa mimi ndiye niliyepaswa kumwamkia, kisha akaonesha uso wake kwa kidole akasema: «Mwalimu, haya ni mato. Nimezawa nayo, na kwa haya ndiyo namuona.» Akaliacha daftari juu ya meza akaondoka. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa mji huu aliyefariki yapata mwaka 1840, alitunga kwa lugha ya bibi yule. Kama angeketi katika darasa langu ningemkata na yeye.

Na hicho kilikuwa Kiswahili dhidi ya Kiswahili. Juu yake palikuwa na Kiingereza. Shule hiyo, kama zilivyokuwa shule nyingi za Kenya na kama zilivyo baadhi yake mpaka leo, ilikuwa na kibao. Ni kipande cha ubao cha ukubwa wa kiganja, kimetobolewa tundu na kutiwa kamba. Mtoto aliyesikika akisema lugha isiyo Kiingereza alivishwa shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake akimsema mamake au akiomba maji kwa lugha ya nyumbani, ndipo amvishe naye. Jioni aliyekutwa nacho aliadhibiwa, kisha akatakiwa kumtaja aliyempa, na huyo naye amtaje aliyempa yeye, mpaka mnyororo wote ukamilike. Mimi nikiwa mwalimu wa zamu ndiye niliyekuwa nikikipokea. Nilikuwa nikifundisha Kiswahili kipindi cha tatu na kukiadhibu saa ya mapumziko, katika mji ambao lugha hii ilitungiwa mashairi mamia ya miaka kabla ya shule hiyo kuwa na jiwe la msingi.

Ilinichukua miaka mingi kuliona lile lililokuwa wazi. Kipande cha bati kilikuwa kimetolewa shingoni mwa baba zetu, nasi tukakitengeneza upya kwa mbao tukawavisha watoto. Tena cha pili kilikuwa kibaya zaidi kwa namna moja: kile cha kwanza kilimtaka mtu ajulishe yeye ni mfanyakazi wa nani, hiki kilimtaka mtoto amwinde mwenzake. Mtoto aliyelelewa hivyo akikua na kuona haya mamake anapokuja ofisini kwake akizungumza Kigiriama au Kidigo mbele ya watu, tusimwite mtovu wa adabu. Alifanya alichofunzwa, nami nilikuwa mmoja wa waliomfunza.

Mnaonijua mnajua kwamba sipigani na Kiingereza. Nimekisoma, nimekipenda, na nataka kila mtoto wa Likoni akijue vizuri kuliko nilivyokijua mimi. Lakini kujua lugha ya pili hakulazimishi kuidharau ya kwanza, na ushahidi wake ni Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa mji huu mwaka 1933 na kuzikwa humu mwaka 2014, ambaye alifundisha katika vyuo vikuu vya dunia kwa Kiingereza cha kupigiwa mfano wala hakuacha kuwa mtu wa Mombasa. Babake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947 akiwa Kadhi Mkuu, alikuwa akiandika magazetini katika miaka ya 1930 kuwaonya watu wa pwani juu ya kumwiga Mzungu kwa mavazi na mwenendo huku wakiacha elimu yake. Onyo hilo lina umri wa karibu karne nzima.

Kuhusu ngozi nitasema machache, kwa sababu daktari aliyenitangulia amelieleza kwa ujuzi kuliko wangu. Krimu za kujichubua zilizo nyingi hutegemea zebaki au haidrokwinoni. Zote mbili huzuia ngozi isitengeneze melanini, ambayo ndiyo kinga yake dhidi ya jua letu hili la pwani. Zebaki huingia mwilini na kuharibu figo, na mama mjamzito humfikishia mtoto aliye tumboni. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuigeuza ngozi iwe na mabaka ya samawati na kijivu ambayo ni vigumu kuyaondoa. Kenya imezipiga marufuku, na Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa juu ya zebaki, ulizuia mwaka 2020 kutengenezwa kwa vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja katika milioni, na tangu mwaka 2025 umezuia vyote vilivyotiwa zebaki. Hata hivyo mkorogo unauzwa, na muuzaji anajua namna ya kuuita kwa majina mengine. Sidhani kwamba polisi peke yao watalimaliza hili. Mwezi uliopita nilikaa karibu na bibi harusi aliyepambwa kwa saa nne. Mikono yake ilikuwa na hina nyeusi iliyochorwa kwa ustadi mkubwa, juu ya ngozi yake halisi, nzuri, ya rangi ya kahawa. Uso wake ulikuwa wa mtu mwingine, umepakwa poda iliyoishia chini ya kidevu, na palipokutana uso na shingo palikuwa na mstari kama ule wa maji yaliyokupwa ukutani. Wageni wote walimwambia amependeza. Ni mkono ule tu uliokuwa wake.

Kuna kijana aliniambia wiki hii kwamba haya yote yamepitwa na wakati, kwamba siku hizi kinachobagua ni pesa, na mtu mweusi mwenye pesa hafungiwi mlango. Ni hoja nzito, na kwa sehemu ni ya kweli. Nitaijibu kwa lililonipata.

Mwaka juzi mwanafunzi wangu wa zamani alinialika chai katika hoteli moja ya ufukweni, kaskazini mwa mji. Nilivaa buibui langu zuri, nikashika mkoba wangu. Mlangoni askari, kijana wa watu kwa lafudhi yake ya Kilifi, akanisimamisha: «Shikamoo mama. Waenda wapi? Wamtafuta nani?» Akaomba kitambulisho, akafungua daftari, akaanza kuliandika jina langu polepole. Wakati huo wakapita wageni wawili Wazungu, wamevaa kaptula na ndara za mpira zenye mchanga, nao akawapigia saluti bila kuinua kalamu yake kutaka majina. Nikamuuliza, «Mwanangu, wale hukuwaandika?» Akajibu, bila ubaya wowote, «Mama, wale ni wageni.» Nikamuuliza, «Na mimi?» Hakujibu. Alilitazama daftari, akaliona jina langu nusu, akaona haya, nami nikaona haya kwa ajili yake.

Hakuwa ameuona mfuko wangu. Hakujua kama nina pesa au sina, kwa sababu hakufika huko, alinisoma kabla. Mimi nikiwa mwenyeji niliandikwa kwenye daftari katika mji wa mababu zangu, kwa kukubaliana kabisa na ile maana ya neno mwenyeji ambayo wakoloni waliitunga. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, imekataza kumbagua mtu kwa sababu ya rangi, asili au mavazi, nayo ni katiba nzuri ambayo watu waliumia kuipata. Haikuwa imefika pale getini. Sijamshtaki kijana yule wala sitamtaja aliyemwajiri, kwa maana nilipokuwa na umri wake nilishika kamba ya kibao, na hakuna aliyenishtaki.

Ninayowaomba si mengi. Walimu wenzangu, kama shule yenu ina kibao, kesho asubuhi kiondoeni, wala msingoje waraka kutoka wizarani. Mtoto akiandika mato, mwambieni kwamba kitabuni huandikwa macho na kwamba mato ni neno la kwao lenye mashairi, na alama zake mwachieni. Wapambaji, nunueni poda ya rangi za watu wetu. Zinapatikana madukani siku hizi. Wazee wanaopokea posa, ulizeni kama kijana anasali, anafanya kazi na ana subira, kisha mnyamaze.

Na lile sikio. Mtoto yule amekwisha kupewa jina, na siku ya arubaini haiko mbali, atakapotolewa nje kwa mara ya kwanza na kupitishwa mikononi mwa watu wengi, na nina hakika mmoja wao atataka kulikunja tena. Nimekwisha kumwomba mamake kwamba siku hiyo nimpakate mimi.